Halmashauri Inasema Lugha ya Nani? Toongabbie, Ontario na Sisi

Toongabbie iko magharibi mwa Sydney, yapata kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Ukishuka kwenye stesheni yake jioni, treni zikiwa zimejaa watu wanaotoka kazini, utasikia Kitamil, Kigujarati na Kihindi kabla hujafika barabarani. Ukisogea vitongoji vya upande wa Blacktown utakutana na Kidinka, Kiarabu cha Sudani, na Kiswahili cha Wakongo na Warundi waliopitia kambi za Kigoma na Kakuma. Lakini ukiingia kwenye kikao cha madiwani, lugha ni moja tu. Ajenda iko kwa Kiingereza, mjadala unaendeshwa kwa Kiingereza, na barua ya kumtoza faini aliyetupa godoro kando ya njia huandikwa kwa Kiingereza.

Upande wa pili wa dunia, mashariki mwa jimbo la Ontario nchini Kanada, kuna manispaa za wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ambako raia anaweza kwenda kulipa kodi ya jengo, kuomba kibali cha ujenzi au kulalamikia mtaro ulioziba kwa Kiingereza au kwa Kifaransa, na akajibiwa kwa lugha aliyoichagua. Manispaa hizo hazina mapato ya Sydney wala majengo yake. Vipi basi shamba la Ontario limeweza, na kitongoji cha jiji tajiri chenye lugha nyingi kikashindwa?

Wingi wa wasemaji hautoshi kuwa jibu, na nia njema ya serikali haitoshi pia. Lugha huingia katika halmashauri pale wenye lugha hiyo wanapokuwa na ardhi, wana shule na makanisa au misikiti yao, kura zao zimekusanyika mahali pamoja, na sheria ya juu imewaachia mlango. Pasipo hayo, lugha huishia kupewa huduma: kipeperushi, namba ya simu, mkalimani wa dakika chache. Sidharau huduma hiyo, maana imeokoa watu. Ila mtu anayetafsiriwa uamuzi uliokwisha kupitishwa hajashiriki kuupitisha, na mimi naona tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima.

Toongabbie ilianza kama shamba la serikali katika ardhi ya Wadarug, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Waingereza walitia nanga Sydney mwaka 1788, wakakaribia kufa njaa, wakapanda mto hadi Parramatta kutafuta udongo mzuri, na mwaka 1791 Gavana Arthur Phillip akafungua shamba la Toongabbie, makazi ya tatu ya koloni lile. Waliolilima walikuwa wafungwa. Wengi walifika na meli za mwaka huohuo wakiwa wamedhoofika kwa safari, wakapewa majembe ya mkono na kuambiwa wakate miti migumu wasiyoijua. Aliyelegea alichapwa. Kati yao walikuwamo Waairishi, na baadhi ya Waairishi hao lugha waliyotoka nayo nyumbani ni Kigaeli, Kiingereza wakikijua kwa shida. Kwao Kiingereza kilikuwa lugha ya mnyapara, ya hakimu na ya mtu anayehesabu viboko.

Mwaka huohuo wa 1791 kuna jambo lilitokea ambalo lingeweza kuipa koloni sura nyingine. Luteni William Dawes, ofisa wa majini aliyekuwa pia mtazama nyota, alikuwa akijifunza lugha ya wenyeji wa Sydney, ndugu wa karibu wa lugha ya bara ya Wadarug. Aliyemfundisha zaidi alikuwa msichana aliyeitwa Patyegarang. Dawes aliandika katika madaftari yake vitenzi, nyakati, na sentensi nzima za mazungumzo ya kila siku: kuota moto, kunawa, kuuliza kwa nini watu wamekasirika. Ni kazi ya mtu aliyekaa chini akasikiliza. Lakini alikuwa ameshakosana na Gavana juu ya msafara wa kijeshi wa kulipiza kisasi kwa wenyeji, na Desemba 1791 akaondoka asirudi tena. Madaftari yake sasa yako London, katika chuo cha masomo ya Asia na Afrika. Koloni lilibaki na shamba, likampoteza karibu mtu pekee katika maofisa wake aliyeisoma lugha ya nchi kwa kina kiasi kile.

Wadarug hawakuikubali hali hiyo kimya. Machi 1797 Pemulwuy, kiongozi wa upinzani, alilishambulia shamba la Toongabbie pamoja na wapiganaji wake. Wakafuatwa hadi Parramatta, pakapiganwa, akapigwa risasi kadhaa akapona. Aliuawa mwaka 1802. Shamba lenyewe lilifungwa mwaka 1803 na kilimo cha serikali kikahamia Castle Hill. Ndani ya miaka 12 swali la lugha lilikuwa limekwisha kujibiwa katika eneo hili, na hakuna sheria ya lugha iliyopitishwa. Ardhi iligawiwa kwa hati za Kiingereza. Kesi zilisikilizwa kwa Kiingereza. Asiyekijua hakuwa na pa kusimama.

Na Kifaransa? Kilifika Sydney, na kilifika kwa njia inayofundisha mengi. Mwaka 1838 Wakanada wenye kusema Kifaransa waliasi utawala wa Uingereza katika eneo ambalo leo ni Quebec. Uasi ukazimwa, baadhi wakanyongwa, na 58 wakapelekwa uhamishoni New South Wales. Walitua Februari 1840 wakafungwa katika kambi ya Longbottom, kando ya mto Parramatta, wakavunja mawe ya kujengea barabara na kukusanya makombe ya kuchomea chokaa. Miaka michache baadaye walisamehewa. Wawili walikuwa wamekwisha kufa, Joseph Marceau alioa akabaki, na wengine karibu wote wakarudi kwao. Walichoacha ni majina ya ghuba tatu ndogo, Canada Bay, France Bay na Exile Bay, na halmashauri ya leo ya Canada Bay imechukua jina lake hapo. Kifaransa chenyewe hakikuota mizizi. Wanaume 58 wasio na familia zao karibu, wasio na shamba, wasio na shule wala paroko, hawana namna ya kuirithisha lugha.

Sasa watazame ndugu zao waliobaki Kanada. Kuanzia katikati ya karne ya 19, familia za Kifaransa kutoka Quebec zilivuka mto Ottawa kuingia kaunti za Prescott na Russell, mashariki mwa Ontario. Wakulima Waingereza na Waskoti walikuwa wametangulia kuchukua sehemu nyingi nzuri. Wafaransa wakachukua msitu uliokwisha kukatwa mbao na ardhi tambarare yenye kutuama maji, wakaichimbia mitaro, wakajenga kanisa la parokia, na kando ya kanisa shule. Walikuja na wake na watoto wengi. Baada ya vizazi viwili walikuwa wengi katika vijiji kadhaa, na aliye wengi kijijini huchagua madiwani.

Serikali ya Ontario haikupendezwa na hali hiyo. Mwaka 1912 ilitoa Kanuni ya 17, iliyobana ufundishaji kwa Kifaransa mashuleni, ukiacha miaka ya mwanzo kabisa. Wazazi waligoma, walimu walifundisha kwa ukaidi, na huko Ottawa akina mama walisimama mlangoni mwa shule ya Guigues kuwalinda walimu wasitolewe na polisi. Mwaka 1927 serikali ililegeza kamba. Ninakaa kwenye kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba lugha mbili za manispaa zile hazikuteremshwa na bunge lenye huruma. Zilikuwapo tayari shambani, kanisani na katika orodha ya wapigakura, sheria ikazifuata nyuma.

Sheria yenyewe ni ya kuangaliwa kwa makini. Kanada ilitangaza Kiingereza na Kifaransa kuwa lugha rasmi za serikali ya shirikisho mwaka 1969. Ontario ilipitisha Sheria ya Huduma kwa Kifaransa mwaka 1986, lakini sheria hiyo haiilazimishi manispaa yoyote. Inairuhusu tu itunge sheria ndogo ya kutumia lugha zote mbili ikipenda. Kwa hiyo kila baraza la kijiji lilipaswa kupiga kura. Ilipoundwa Manispaa ya La Nation mwaka 1998, kwa kuunganisha maeneo manne ya vijijini, ilirithi wakazi waliokwisha kuzoea kuhudumiwa kwa lugha mbili. Jirani yake Russell ilikwenda mbali zaidi mwaka 2008, ikaagiza kila bango jipya la nje la biashara liandikwe Kiingereza na Kifaransa. Wapinzani walikwenda mahakamani wakidai kwamba mwenye duka amenyimwa uhuru wake wa kujieleza. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ya Ontario iliiachia Russell sheria yake.

Mlango wa hiari, hata hivyo, unafunguka pande zote mbili. Mwaka 1990 mji wa Sault Ste. Marie, katika Ontario hiyohiyo, ulipitisha azimio la kujitangaza mji wa Kiingereza pekee. Mahakama ilikuja kulibatilisha, lakini Wafaransa wa mji ule walikuwa wamekwisha kuambiwa hadharani na madiwani wao kwamba si wa pale. Jimbo la New Brunswick halikutaka kubahatisha namna hiyo. Sheria yake ya mwaka 2002 inasema manispaa ambayo asilimia 20 ya wakazi wake ni wa lugha rasmi yenye watu wachache lazima ihudumu kwa lugha zote mbili. Kati ya njia hizo mbili mimi naichagua ya New Brunswick, maana haki inayongoja hisani ya jirani mwenye wingi wa kura huyumba kila uchaguzi.

Ukirudi Australia unakuta msingi mwingine kabisa. Halmashauri hazitajwi katika Katiba ya nchi. Wananchi waliulizwa katika kura za maoni za mwaka 1974 na 1988 kama ziingizwe, wakakataa. Halmashauri ni kiumbe cha jimbo, na jimbo likiamka na wazo jipya huzikata na kuziunganisha. Cumberland, mojawapo ya halmashauri tatu zinazogawana Toongabbie pamoja na Parramatta na Blacktown, ilizaliwa hivyo mwaka 2016. Matokeo yake ni kwamba kitongoji kimoja chenye stesheni moja kinachagua madiwani katika mabaraza matatu. Jamii ya Kitamil, ambayo pengine ingeweza kusikika kama kundi moja, kura zake zinagawanyika mara tatu kabla hata hazijahesabiwa.

Kiingereza nacho si lugha rasmi ya Australia kwa sheria yoyote ya nchi. Hakijahitaji kuwa. Kuanzia mwaka 1901 nchi ilikuwa na kitu chenye nguvu kuliko tangazo: mtihani wa imla. Ofisa wa forodha aliruhusiwa kumsomea mgeni maneno hamsini kwa lugha yoyote ya Ulaya na kumtaka ayaandike, na lugha ilichaguliwa ili mgeni ashindwe. Mwafrika au Mhindi mwenye Kiingereza safi angeweza kusomewa kwa lugha nyingine asiyoijua. Mwaka 1934 walijaribu kumzuia mwandishi Egon Kisch, mpinzani wa Wanazi aliyejua lugha kadhaa za Ulaya, kwa kumsomea Kigaeli cha Skoti. Mahakama Kuu ilimwokoa kwa hoja kwamba Kigaeli hicho hakihesabiki kuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile. Mtihani ulifutwa mwaka 1958. Watu waliozaliwa siku chache kabla ya kufutwa kwake bado tunaishi nao, ndiyo maana sioni kama hiyo ni historia ya mbali.

Baada ya hapo Australia ilifanya jambo la kusifiwa. Mwaka 1973 ilianzisha ukalimani wa simu wa serikali katika Sydney na Melbourne, kati ya nchi za kwanza kabisa duniani kufanya hivyo, na mwaka 1977 ikaunda chombo cha kuwapima na kuwathibitisha wakalimani. Mama wa Kikongo anayeishi Sydney Magharibi akipata barua ya halmashauri, nyuma ya barua huwa pana sanduku lenye mistari mifupi ya lugha mbalimbali: kama huelewi, piga 131 450. Anapiga, anataja Kiswahili, anangoja. Mkalimani anaingia kwenye laini na kujitambulisha kwa namba, jina halitaji. Halafu karani wa halmashauri anaunganishwa, na kwa dakika kadhaa watu watatu wasioonana wanazungumzia pipa lenye kifuniko chekundu ambalo halikuzolewa Jumanne. Mkalimani anaweza kuwa ni wa Mombasa na mama ni wa Uvira. Mama anaeleza mambo kwa njia ya kwao, mkalimani anamwomba arudie, karani anauliza kama bado wapo. Pipa linazolewa wiki inayofuata. Kwa kazi hiyo simu inatosha. Ila ratiba ya mapipa, bei yake na kampuni iliyopewa zabuni vilijadiliwa kwenye kikao ambacho simu ile haifiki.

Mama huyo haanzi leo kuishi chini ya karatasi za lugha ya wengine. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kitshiluba kuwa lugha za taifa. Katika ofisi za Uvira au Fizi raia hueleza shauri lake kwa Kiswahili, karani huandika kwa Kifaransa, na raia hutia sahihi karatasi ambayo pengine hawezi kuisoma. Rwanda imeongeza Kiingereza juu ya Kifaransa, na mwaka 2017 ikaongeza Kiswahili, lakini mkulima hufanya shughuli zake kwa Kinyarwanda, lugha ambayo ofisa wa sekta anaisema pia. Bahati hiyo Wakongo wengi hawana.

Sisi Watanzania hupenda kujisifu hapa, na sehemu ya sifa hiyo ni halali. Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika ofisi za serikali, na tangu hapo diwani wa Nachingwea na wa Bukoba huzungumza bila mkalimani. Ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia. Hata hivyo sheria za nchi ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza hadi mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama. Na katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, mzee wa Kihadzabe asiyemudu Kiswahili vizuri huketi pembeni mkutano wa kijiji unapopanga ardhi ya malisho na mashamba. Ardhi inayopangwa ndiyo anamowinda. Kwake Kiswahili kinafanya kazi ileile ambayo Kiingereza kinamfanyia mama wa Uvira huko Sydney, na hata namba ya simu ya kupiga hana. Anayetaka kuisema Toongabbie na aanze kwa kuukiri ukweli huo.

Basi Toongabbie ifanye nini? Kuinakili Ontario hakuwezekani. Kule ni lugha mbili zilizokaa pamoja kwa zaidi ya karne moja, hapa ni lugha kadhaa za watu ambao wengi wao hupanga nyumba na kuhama baada ya miaka michache. Kuchagua moja na kuipa kiti rasmi kungekuwa kuzionea nyingine. Lugha moja tu ina dai lisilofanana na mengine, nayo ni ya Wadarug. Mwaka 2017 bunge la New South Wales lilipitisha Sheria ya Lugha za Wenyeji wa Asili, ya kwanza ya aina yake nchini Australia, inayokiri kwamba lugha hizo ziliharibiwa na serikali zilizotangulia. Kazi ya kuifufua lugha ya Wadarug inafanywa na wao wenyewe kwa kutumia maandishi ya karne mbili zilizopita na kumbukumbu za familia. Halmashauri zote tatu zinaweza kuilipia kazi hiyo, madarasa yake na walimu wake, na zisiishie kwenye salamu ya Kidarug mwanzoni mwa kikao.

Kwa lugha za wahamiaji ningeanza kaunta. Jimbo hili lina utaratibu wa kuwalipa posho watumishi wa umma waliofaulu mtihani wa lugha ya jamii na wanaoitumia kazini. Karani mmoja wa Kitamil na mmoja wa Kiswahili walioajiriwa moja kwa moja wanajua mengi kuliko simu: wanajua nani analalamikia nini mwezi hadi mwezi, na wanaweza kumpelekea diwani habari kabla ya bajeti kufungwa. Halmashauri tatu zinaweza kuchangia dawati moja karibu na stesheni ya Toongabbie, kwa sababu mkazi hajali mpaka umepita upande gani wa barabara yake. Baada ya kaunta uje ukumbi: mwananchi aruhusiwe kutoa hoja yake barazani kwa lugha yake, mkalimani akiwa amekaa chumbani na kulipwa na halmashauri, na muda wake wa kusema uongezwe ili tafsiri isimle dakika.

Kupiga kura ni lazima kwa raia katika chaguzi za halmashauri za New South Wales, na asiyepiga hutozwa faini. Uchaguzi uliopita ulifanyika Septemba 2024, unaofuata ni mwaka 2028. Katika miaka hiyo minne Wakongo na Warundi wengi wa Sydney Magharibi watakuwa wamekula kiapo cha uraia na kuingia kwenye daftari. Vikundi vyao vya kuzikana, kwaya zao na misikiti yao tayari vinawakusanya kila wiki. Hapo ndipo orodha ya wagombea na maswali ya kuwauliza inapoweza kuandaliwa kwa Kiswahili, kuanzia sasa, bila kungoja ruhusa ya halmashauri yoyote.